Kibanda cha juisi nyuma ya stendi ya Makumbusho, kwa sisi tunaokimbilia kitu tamu kazi ikizidi

Habari zenu wadau. Leo naongelea kibanda kimoja cha juisi pale Makumbusho, nyuma ya stendi ya daladala, ukitokea barabara ya Ali Hassan Mwinyi unaipita stendi unaingia kile kichochoro cha wauza makava ya simu afu unakiona mkono wa kulia, kina turubai la kijani na mashine ya miwa imekaa mbele kabisa. Bango hakina, jina hakina, ukimuuliza mtu yeyote pale "kwa mama wa juisi" anakuonyesha. Neno langu nalitoa mapema ili mwenye haraka aondoke nalo: ni kibanda kizuri, ni kisafi, bei inaeleweka, ila ukienda pale kwa sababu kichwa kimejaa na unataka kupoza stresi basi agiza bila sukari, na miwa uwe unainywa kwa kuihesabu. Sababu ntazieleza na ntaeleza kwa urefu maana hii ishu naona watu wengi wa mjini hapa tunaichukulia poa wakati inatugusa kila siku.

Njoo pale saa kumi jioni uone. Wanashuka watu wa maofisi ya Kijitonyama na Sayansi, wanakuja makondakta, vijana wa bajaji, wadada wa saluni, na walimu wawili watatu wameshika madaftari ya kusahihisha. Wote wana sura moja ya siku ndefu. Na sikiliza wanavyoagiza, huwezi kusikia mtu anasema nina kiu, unasikia "nipe ya baridi mama, leo nimevurugwa", "nipe miwa kubwa, bosi kanitoa roho", yani kinywaji pale kinaagizwa kama dawa. Mmoja wa mahesabu, mtu mzima, mstaarabu sana, yeye mwisho wa mwezi anachukua glasi ya miwa na visheti viwili na soda anabeba mkononi ya kunywea kwenye foleni mpaka Kimara. Nikamuuliza mzee hiyo yote leo, akasema "mwanangu bila hii siwezi kufika nyumbani nikaongea na watu vizuri." Hilo jibu limenikaa kichwani kwa sababu alikuwa hatanii, anaamini kabisa kwamba ule utamu ndio unamshusha presha ya siku.

Sasa tuanze na vinywaji vyenyewe maana hii ni habari ya kibanda. Miwa ndio mfalme wa pale. Kijana wa mashine anaikwangua ganda mbele yako, anaipitisha mara ya kwanza, anaikunja anaweka kipande cha tangawizi na ndimu nzima katikati anaipitisha tena, juisi inatoka ya kijani kibichi hivi ina povu juu, inachujwa kwa kitambaa kwenye jagi la barafu. Ile harufu ya tangawizi ikikutana na miwa mibichi ni kitu cha peke yake, siwezi kukataa. Tangawizi wanaweka ya kutosha mpaka unaisikia kooni, sio wale wa kuonyesha kipande tu. Glasi ndogo 1,000, kubwa 2,000.

Pasheni wanatengeneza ukiwa umesimama, wanakata matunda wanakwangua kwa kijiko wanaweka kwenye blenda na maji ya chupa wanachuja mbegu. Embe ni kwa msimu, kuanzia Novemba hivi mpaka Februari utalipata zuri la hapa pwani, nje ya hapo linakuwa la kubahatisha. Parachichi lao ni zito mpaka unatumia kijiko na hilo kwangu ndio linashika namba moja, linashibisha kweli, lenyewe halina sukari ya maana, na wanalisaga zima hawachuji kwa hiyo nyuzi zake zote unakula. Kuna ndoo tatu za mfuniko zina ukwaju, ubuyu na rozela. Na kuna madafu, yanakuja na baiskeli asubuhi yanapangwa chini ya meza.

Kitu kilichonifanya nikipende kile kibanda ni mama mwenyewe kuuliza. Sehemu nyingi za juisi hapa Dar sukari haiulizwi, kuna lile dumu la sukari iliyochemshwa na maji limekaa pembeni, mkono unaenda wenyewe, unaletewa pasheni tamu kuliko soda. Pale haiko hivyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo umechelewa. Pasheni?"

"Pasheni mama, sukari usiweke."

"Hata kijiko kimoja? Hii ya leo kali."

"Hata kimoja mama, ntazoea."

"Haya, nakuwekea na kipande cha embe kiishike ukali."

Na kweli anaweka. Kile kipande cha embe ndio tofauti ya kibanda na kibanda. Mtu anakusikiliza, anakutafutia njia, hakulazimishi na hakuoni mshamba. Nimepita sehemu moja huko mjini, siitaji, nikasema bila sukari kaka akanitazama akasema dada hiyo haitanyweka afu akaweka tu, na hela nikalipa. Kwa hiyo huyu mama kwa hilo peke yake anastahili kusifiwa.

Sasa kwa nini nimeshikilia sukari namna hii. Chukua soda ya kola ya kawaida, geuza chupa nyuma usome, utakuta kama grami 10 na nusu hivi kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 inakuwa imebeba kama grami 37. Kijiko kimoja cha chai ni kama grami 4, kwa hiyo hapo umekunywa vijiko tisa vya sukari, na hakuna mtu anayeweka vijiko tisa kwenye kikombe cha chai akanywa. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2015 lilitoa mwongozo kwamba sukari ya kuongezwa pamoja na ile ya kwenye juisi, asali na sharubati isizidi asilimia 10 ya nguvu unayopata kwenye chakula cha siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo asilimia 5 ni kama grami 25, vijiko sita. Soda moja tayari umepita.

Na hapa watu wengi wanaponyoka wanasema mi sinywi soda nakunywa miwa, ni asili. Ni asili kweli, lakini sukari yenyewe ya dukani inatoka wapi, si ndio hiyo miwa ya Kilombero na Mtibwa na Kagera? Juisi ya miwa ina sukari kama asilimia 13 mpaka 15. Glasi ya mililita 300 inakupa grami 40 na kitu, soda imeachwa nyuma. Sisemi usinywe, mi mwenyewe miwa ya pale naipenda na nainywa glasi ndogo mara moja moja, nasema usiinywe ukijiambia umechagua kitu chepesi. Hata mwongozo wa WHO unaihesabu sukari ya juisi ya matunda kwenye kundi hilo hilo, maana tunda likishakamuliwa na kuchujwa zile nyuzi zilizokuwa zinaichelewesha sukari zimebaki kwenye kitambaa.

Turudi kwa yule mzee wa mahesabu maana yeye ndio moyo wa haya maelezo yote. Je anajidanganya? Hapana, hajidanganyi, na hapo ndipo penye mtego. Mtu akiwa na msongo, mwili unatoa homoni inaitwa kortisoli, inatoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, kazi yake ni kuandaa mwili kupambana, inafungulia glukosi, yani sukari ya mwilini, kwenye damu, na msongo ukikaa muda mrefu inaamsha hamu ya vitu vitamu na vya mafuta. Ndio maana ukivurugwa huwazi mchicha, unawaza keki. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California pale Davis walichukua wanawake 19 wa miaka 18 hadi 40, kundi moja likawa linakunywa vinywaji vya sukari ya kawaida mara tatu kwa siku na kundi lingine vya aspateimu, ile ya kutia utamu isiyo sukari, kwa karibu wiki mbili, afu wakawakalisha wakawapa hesabu za kubanwa na muda mpaka mtu achanganyikiwe. Waliokunywa sukari kortisoli yao haikupanda sana kama ya wenzao. Yani sukari kweli ilipoza ule mshtuko. Ni watu wachache, 19 tu, kwa hiyo usiibebe kama sheria, ila inaeleza kwa nini yule mzee anarudi kila mwisho wa mwezi na kila mwisho wa mwezi anaongeza kitu. Ubongo umejifunza kwamba nikibanwa naletewa sukari, kesho ukibanwa unaidai, na watafiti wenyewe walichokuwa wanakitahadharisha ni hicho, kwamba nafuu ile inaweza kumfunga mtu kwenye tabia asiyoweza kuiacha.

Afu ile nafuu ni ya muda gani? Hapa ndio nataka watu wa saa kumi jioni wanisikilize vizuri. Mwaka 2019 watafiti wa Ujerumani na Uingereza walikusanya tafiti 31 zenye watu karibu 1,300 wakaangalia mtu akipewa sukari na wanga hisia zake zinakuwaje. Furaha haikuongezeka, popote pale, si mapema si baadae. Kilichoonekana ni uchovu kuongezeka ndani ya nusu saa na umakini kushuka ndani ya saa moja. Nusu saa! Kutoka Makumbusho mpaka Ubungo siku yenye foleni nusu saa bado hujafika. Maana yake ule mzigo unaoudhani umeutua kibandani unakukuta juu ya daladala umesimama, mkono juu, jasho linatoka, na sasa umechoka kuliko ulivyopanda. Unafika nyumbani mtoto anakuuliza swali dogo tu unamjibu kwa ukali, unasema kazi inaniua, na kazi inakuua kweli lakini na ile glasi imo kwenye hesabu.

Kuna wafanyakazi wa serikali wa London ambao wamefuatiliwa afya zao tangu miaka ya 1980, utafiti unaitwa Whitehall II. Mwaka 2017 yalitoka matokeo kwamba wanaume waliokuwa wanakula na kunywa sukari ya vitu vitamu zaidi ya grami 67 kwa siku walikuwa na uwezekano wa asilimia 23 zaidi kupata matatizo ya kawaida ya akili, kama wasiwasi na sonona, baada ya miaka mitano, ukilinganisha na waliokuwa chini ya grami 39 na nusu. Kwa wanawake hilo halikuonekana. Wakaangalia pia kama ni kinyume chake, kwamba labda aliyekuwa na matatizo ndio alikimbilia sukari, hawakuona ushahidi wa hilo. Sio kusema sukari peke yake ndio inaleta, utafiti wa kufuatilia watu hauwezi kuapa hivyo, ila grami 67 ni nini? Ni soda moja ya 350 na glasi ndogo ya miwa. Ni jioni moja ya mwisho wa mwezi ya yule mzee, visheti hata hatujahesabu.

Na stresi yenyewe inapimwaje, maana mtu anaweza kusema haya mambo ya moyoni hayapimiki. Yanapimwa. Mwaka 1983 Sheldon Cohen na wenzake kule Marekani walitoa dodoso ambalo mpaka leo linatumika duniani kote, toleo linalotumika sana lina maswali 10, kila moja linajibiwa kuanzia 0 hadi 4, jumla inafika 40. Linauliza mambo kama, mwezi uliopita ni mara ngapi umeona huwezi kuyamudu mambo ya muhimu kwenye maisha yako, ni mara ngapi umeona matatizo yamerundikana mpaka huwezi kuyavuka. Angalia vizuri, haliulizi una matatizo mangapi, linauliza unayaonaje. Watu wawili wanadaiwa kodi ya miezi sita na mwenye nyumba mmoja, mmoja anaona ntajipanga, mwingine anaona dunia imefika mwisho, na tofauti yao mara nyingi ni usingizi, chakula, na kama kuna mtu wa kuongea nae. Hapo ndipo sukari inapoingilia. Haikuongezei deni, inakuongezea uchovu wa kulitazama deni.

Na tusidanganyane kuhusu stresi za hapa mjini zinatoka wapi. Ada za Januari, kodi ya nyumba, mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, ambayo dada wa watu anapigiwa simu ya marejesho yuko kwenye foleni ya juisi anakata anatazama chini. Nimemuona kwa macho yangu pale kibandani, akaagiza miwa kubwa, akainywa yote kwa mkupuo mmoja bila hata kukaa, simu ikaita tena. Mtu kama huyo huwezi kumwambia tatizo lako ni sukari, ungekuwa humtendei haki. Tatizo lake ni riba. Ninachosema ni kwamba anahitaji akili iliyotulia kuliko mtu yeyote pale na kinywaji alichokimbilia kinampunguzia hiyo akili ndani ya saa moja. Ndio maana naona mtu wa juisi anayeuliza "niweke sukari?" anatoa huduma kubwa kuliko anavyojua.

Pale pale pembeni kuna friji la enaji, vile vinywaji vya kuongeza nguvu, na soda, na hapa mama sitamsifia. Enaji ndio zinatoka kuliko kitu kingine ikifika saa kumi na mbili, vijana wa bajaji na bodaboda wanakunywa ili wafike saa sita usiku. Nyingi zina sukari sawa na soda na juu yake kafeini kama miligramu 30 kwa kila mililita 100, na kafeini nusu yake bado inakuwa mwilini baada ya masaa kama matano. Ukiinywa saa kumi na mbili, saa tano usiku nusu bado inazunguka. Kijana anarudi analala saa saba anajigeuza mpaka saa tisa, saa kumi na moja anaamka kuwahi abiria, amechoka, anaanza na enaji nyingine. Huyo kesho abiria akimwambia nipunguzie mia tano anagombana nae, na wala sio mkorofi, ni mtu ambaye hajalala wiki nzima. Kwa moyo mmoja kabisa namuomba mama yule friji alisogeze nyuma na madafu ayapandishe mezani, maana kinachoonekana ndicho kinachonunuliwa, na madafu sasa hivi yako chini ya meza mpaka uinamie ndio uyaone.

Dafu nalipigia debe kwa sababu. Maji yake yana utamu wake lakini sukari ni ndogo sana, grami 3 hivi kwa mililita 100, chini ya theluthi ya soda, ina potasiamu nyingi, na likitoka kwenye barafu linapoza vilevile. Na kitu kingine, dafu hulinywi kwa mkupuo. Linakatwa, unalipokea kwa mikono miwili, unakaa kwenye benchi, unakunywa, unasubiri lipasuliwe, unakwangua nyama yake kwa kile kipande cha ganda. Dakika kumi zimepita umekaa chini huangalii simu. Mi naamini kabisa, na hili ni langu sio la utafiti, kwamba nusu ya nafuu tunayoipa sukari sifa yake ni ya kule kukaa, na baridi, na mtu kukuuliza umeshindaje. Yule mama akikuambia "leo umechelewa mwanangu" tayari mabega yameshuka kabla hata glasi haijafika.

Vitafunwa sasa. Kuna kioo kidogo kina visheti, hafkeki, kashata za nazi na kashata za karanga. Visheti ni vitamu mno, sukari imeganda juu nyeupe kabisa, kimoja kinatosha watu wawili na ukila na miwa pamoja umejimaliza. Hafkeki ni kavu, usinunue. Kashata ya karanga ndio ya kuchukua, karanga zimejaa sukari imeshika tu, zile karanga zina mafuta na protini zinachelewesha sukari kuingia kwenye damu kwa kasi, na kipande chao ni kidogo cha 200. Wazee wetu wa kahawa wanajua hii kitu zamani, kahawa chungu kikombe kidogo na kashata kipande kidogo, wanakaa kwenye bao masaa matatu na hakuna aliyemaliza sahani ya kashata. Utamu ulikuwa wa kuonja.

Usafi nawapa alama za juu. Glasi zinaoshwa kwa ndoo mbili, ya sabuni na ya kusuuzia, na maji wanabadilisha nimeona, barafu ni ya maji ya chupa, mashine ya miwa wanaimwagia maji ya moto kila wakisimama kidogo, nyuki wapo ila wanafunika. Ukitaka ya kubeba wanakupa chupa mpya. Mabenchi ni mawili tu na saa kumi hupati pa kukaa, na turubai halifiki upande wa barabara kwa hiyo jua la saa tisa linakupiga usoni. Chenji huwa ni shida, nenda na hela ndogo ndogo au lipa kwa simu, namba imebandikwa kwenye nguzo.

Malalamiko yangu makubwa ni zile ndoo tatu. Ukwaju, ubuyu na rozela vinakuja vimeshakorogwa na sukari tangu nyumbani, kwa hiyo lile swali zuri la mama "niweke sukari?" halifiki huko, na ni vinywaji vya bei rahisi kuliko vyote, 500 glasi, maana yake mwenye hela ndogo ndio hana uchaguzi. Rozela yake ni nyekundu nzito ya kupendeza na ina mdalasini, lakini utamu umeifunika mpaka ule uchachu wake huusikii. Ubuyu hali ni hiyo hiyo. Hili nimemwambia mwenyewe kwa heshima, nikamwambia mama tengeneza ndoo moja isiyo na sukari kabisa, weka kibakuli cha sukari na kijiko pembeni, kila mtu ajipimie. Akafikiria akasema wateja watanikimbia. Yule mzee wa mahesabu alikuwa amekaa pale, akasema "mama jaribu rozela, mimi ntakuwa wa kwanza, daktari ameshanionya." Basi wakacheka wakakubaliana.

Kwa ujumla nane kwa kumi, na mbili nilizokata ni za ndoo na friji. Wanafungua saa mbili asubuhi wanafunga saa mbili usiku, Jumapili hawapo. Dafu likiwa ndio unalitaka fika kabla ya saa nane mchana, yanaisha. Ukienda mara ya kwanza agiza parachichi bila sukari na kashata moja ya karanga, 2,700 yote, ukae benchi la ndani lenye kivuli. Ndoo ya rozela isiyo na sukari mama amesema anaanza nayo Jumatatu, atakaepita kabla yangu aulizie afu atuambie imetoka vipi.